Karani Pell Hakuvuta Bangi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Griffins. Dada Sushila, mzaliwa wa Kisumu na mtunzaji wa majani makavu ya jumba hili la makumbusho. Viongozi wa jumuiya zetu za Watanzania na Wakenya hapa Landani. Mke wangu Anastasia, uliyekaa mbele ili unikonyeze nikizidisha. Ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote, na waliochelewa kwa sababu ya treni nao nawasalimu.

Naitwa Mzee Method wa Kondoa. Masanduku ya jumba hili nimeyabeba miaka ishirini na sita, na hakuna jani hata moja lililovunjika mikononi mwangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini leo nazungumza mbele ya madaktari wa mimea, nao wamekaa kimya. Wakae tu.

Tunafungua maonyesho ya Bwana Tobias Pell. Alikuwa karani wa forodha katika bandari ya jiji hili, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Serikali ilimwajiri ahesabu mapipa. Yeye akahesabu mapipa na mende waliomo. Miguu yake ilikuwa mibovu, hakuwahi kusafiri, basi akawaomba mabaharia wamletee vile wanavyovitupa: majani, mbegu, maganda, hata matope ya nanga. Majani aliyakausha ndani ya madaftari ya serikali. Mkubwa wake alipomkaripia, alijibu kwa barua, Dada Sushila alinisomea: "Bwana, daftari hili hukaa bure Jumapili nzima." Nani kati yetu angethubutu kumjibu meneja hivyo? Mimi ningethubutu. Ndiyo maana nampenda.

Sasa, ndugu zangu, mtu huyu amechafuliwa jina. Kuna jani moja aliletewa na baharia aliyepitia visiwa vya Komoro. Lina vidole vitano, limekunjamana, ua halina. Pembeni Pell ameandika: "Mengine nimeyachemsha na kuyala. Mke wangu amenitoa nje." Basi wasomi wakatazama vidole vitano, wakasoma kwamba katolewa nje, wakaandika kwenye kibao: bangi! Miaka mia moja sasa watu wanakuja kumcheka karani mvuta bangi.

Mimi nilipoliona nikasema, "Hii si bangi. Hii ni mgagani."

Dada Sushila akasema, "Mzee, usiguse."

"Sigusi, mwanangu. Mboga ya mama yangu naijua hata ikiwa maiti."

"Lete ushahidi, basi."

Nikaupanda kwenye kibustani changu Kingsbury. Nikaupika kama Pell, kwa maji matupu, bila maziwa wala karanga. Uchungu wake! Nikautemea humo humo kwenye sufuria, na Anastasia akanitoa nje. Msicheke, muulizeni. Mbegu nikampelekea Dada Sushila. Akazitazama kwa hadubini pamoja na mbegu tatu zilizonasa kwenye karatasi ya Pell, jioni akanipigia simu: "Mzee, nisamehe. Ni zenyewe."

Lakini kibao cha bangi kingali pale ukutani! Mheshimiwa Griffins aliniambia kinaleta watu. Mheshimiwa, najua kinaleta watu. Je, mtu aliyefanya kazi miaka arobaini bila kuiba hata pipa moja, akumbukwe kwa jambo ambalo hakulifanya, eti kwa sababu linachekesha? Mimi nami nitakufa. Mkiniandika ukutani, andikeni ya kweli: mbishi, mwenye majivuno, lakini hakuvunja jani.

Dada Sushila, mpe Mwenyekiti bakuli lile. Ni mgagani, safari hii kwa maziwa na karanga. Kula, Mheshimiwa, mbele ya mashahidi. Ukianza kucheka ovyo na kuona nyota mchana, kibao kibaki na mimi nikae chini.

Anatafuna. Mtazameni, anaongeza! Unasemaje, baba? Sema kwa sauti.

Mmesikia? Kazaliwa Landani, Kiswahili anakisikia, lakini ulimi haujakizoea. Amesema "okay", kibao kitabadilishwa Jumatatu.

Jumatatu? Mimi nina miaka themanini na moja, Mheshimiwa, na bisibisi ninayo mfukoni.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Anastasia, nishikie koti. Na ninyi mlio karibu, nisogezeeni kiti nipande, maana kibao chenyewe kiko juu.