Kaka Yetu Fundi wa Lifti, na Figo Aliyoahidiwa

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto watatu, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba. Mimi ni dada yake anayemfuata. Kitinda mimba wetu, wa kiume, naye yupo. Ndiye yule aliyekaa karibu na mlango na miwani yake ya jua.

Alihitimu ufundi umeme mwaka 1981, na hadi kustaafu alitengeneza lifti za majengo marefu. Tarehe 6 Agosti 1988, lifti aliyoitengeneza asubuhi ilimkwamisha yeye na karani mmoja kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

"Wewe si ndiye fundi?" karani akamuuliza.

"Kwa leo, hapana."

Walioana mwaka uliofuata. Karani huyo ndiye wifi yangu.

Mama alipofariki, kaka alikonda kwa majonzi. Akaanza kwenda hekalu la Wahindu, akafundishwa kwamba roho haizaliwi wala haifi. Mwili ndio unaochakaa ukaachwa, roho ikavaa mwili mwingine. Akatulia. Mimi nilipenda karma tu, yale mafundisho kwamba kila mtu hulipwa kwa matendo yake, maana iliniahidi kwamba waovu watakiona cha mtema kuni.

Mwaka 2021 figo zake zote mbili zilishindwa kazi. Nilipimwa, sikufaa. Mdogo wetu alifaa. Akasema mbele yetu sote, "Kaka, moja yangu ni yako." Asubuhi ya upasuaji, tarehe 17 Mei 2022, kaka ameshavalishwa gauni la hospitali, mwenye ahadi akazima simu na kuingia mitini. Hakuja hata kutuambia kwamba anaogopa. Nilimlaani, na wasifu huu nilianza kuuandika ili nimlaani tena mbele yenu, asikie vizuri.

Kaka alinikataza. "Mwili wangu wenyewe nimeazimwa," alisema akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. "Nitamdai vipi mtu wa kwake?"

Nikamjibu kwamba malipo ni hapahapa duniani, na kama si hapa, basi mdogo wetu azaliwe tena akiwa mende kwenye shimo la lifti. Alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Kisha akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Chuki ni kamba. Ukifa umeishikilia, mtazaliwa tena pamoja, nyumba moja."

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi, na mdogo wake wa kiume mwenye figo zake mbili.

Nilikuwa nimemkataza mdogo wetu huyu asiguse machela ya kumbebea kaka. Lakini tangu jana maneno ya kaka hayanitoki. Nyumba moja tena na wewe? Nikuite tena ndugu, nikusubiri tena hospitalini? Thubutu! Ondoka hapo mlangoni, mdogo wetu, uje umbebe kaka pamoja na wengine. Sikulaani tena. Usidhani nimekupenda. Nakuachilia ili nisikuone kamwe, katika maisha haya wala yajayo.

Kaka, mwili umeuacha. Nenda kwa amani, na ikiwezekana, unisubiri.