Kalamu ya Katibu na Kasha la Kompyuta

Kijiwe chetu kiko mbele ya banda la fundi redio, karibu na stesheni ya Shinyanga: benchi moja, jiko la mkaa, birika la kahawa na wanaume watatu wenye jibu la kila jambo. Bujiku, mwenye banda, anaitwa Betri. Maduhu, mchimbaji wa Bulyanhulu aliyekuja mjini kutibu mguu, anaitwa Winchi. Mzee Marcel aliwahi kuwa karani wa ghala la pamba; huyo ndiye Katibu, na kalamu haitoki mfukoni mwa shati lake. Alhamisi moja ya mwaka 1988 niliwafikia nikisukuma baiskeli, kasha la bati nimelifunga nyuma. Shule ninakopiga chapa ilikuwa imeletewa kompyuta ya msaada, vipande vipande, na fundi hayupo. Mkuu wa shule alinipa hadi Ijumaa niiunge. Isipowaka inapelekwa Mwanza, nami nabaki na taipureta, ambayo ukikosea mstari mmoja unarudia ukurasa mzima.

Nilifungua kasha, nikawaonyesha bodi kuu, ile sahani ya kijani ambayo vipande vingine vyote vinachomekwa juu yake.

Betri: Shida iko wapi, Mama Anisia? Mbona inaenea humo?

Mimi: Inaenea. Lakini ikilala juu ya bati, hizi nundu za risasi ya kulehemu mgongoni zitagusa, ipige shoti. Vile vishikizo vya kuinyanyua havimo kwenye boksi. Nimetafuta mpaka kwenye makaratasi.

Betri: Weka kipande cha godoro.

Mimi: Inapata joto. Godoro litaungua.

Katibu: Basi itundikwe kwa uzi, kama nyama buchani.

Winchi: Mama akipiga chapa kwa nguvu, ibembee?

Katibu: Itazoea.

Betri: Tujaze pumba za mpunga, ikae juu yake. Mayai yanatoka Kahama mpaka hapa ndani ya pumba na hayavunjiki.

Mimi: Mayai hayatiwi umeme, Betri.

Betri: Nani amejaribu?

Niliomba kahawa. Nilikuwa nimeamka saa kumi kuchota maji na sikuwa na nguvu za kubishana na mayai.

Winchi: Mayu, mama yangu, hawa hawajawahi kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Sisi chini kule hatujazi kitu. Tunasimamisha magogo, tunayaita matimba. Mwamba unakaa juu ya timba, mtu anapita chini. Hii bodi ina mashimo mangapi?

Mimi: Sita.

Winchi: Matimba sita, mafupi, yanayolingana. Umemaliza.

Nilimtazama. Ndivyo hasa karatasi ya maelekezo ilivyochora, ila mimi sikuwa nimeielewa.

Betri: Skrubu ninazo. Tunataka kitu kisicho cha chuma, chenye tundu katikati, skrubu ipite.

Mimi, Betri na Winchi tukatazama mfuko wa shati la Katibu.

Katibu: Hapana.

Winchi: Bomba moja la kalamu linatoa sita na linabaki.

Katibu: Hii ni ya kazi.

Betri: Kazi gani? Umestaafu mwaka wa sita huu.

Katibu: Mtu akija na shida ya kuandika, nimwandikie kwa kidole?

Wakati huohuo alifika mwanamke mwenye mtoto mgongoni na karatasi ya kliniki mkononi.

Mwanamke: Shikamooni. Naitwa Apolonia, natoka Didia. Naomba kuazima kalamu, nisaini hapa. Gari linaondoka.

Betri: Umefika penyewe. Katibu, kazi imekuja.

Katibu alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilikuwa na penseli tu, na karatasi ya kliniki inataka wino. Betri alipekua meza yake bure.

Apolonia: Kwani hapa hakuna mwenye kalamu inayoandika?

Akavuka barabara kwenda kuuliza dukani.

Katibu: Ilikauka msimu wa pamba wa mwaka juzi. Dukani kila nikienda wanasema hakuna.

Winchi, ambaye hucheka hata mazishini, alianza kuchochea mkaa. Katibu akachomoa kalamu, akairudisha kofia yake mfukoni, akanipa bomba.

Katibu: Kata vizuri. Vilingane.

Betri alikata kwa wembe moto, kila kipande upana wa ukucha wangu. Tulipitisha skrubu sita, Winchi akishika kasha, Katibu akiinama kuhakikisha mwanga unapita chini ya bodi pande zote. Ulipita.

Ijumaa saa nne niliiwasha, mkuu wa shule akiwa nyuma yangu. Feni ikavuma, kioo kikatoa herufi. Mashine haikwenda Mwanza. Siku hizi nikikosea nafuta pale pale, na jikoni naingia jua lingalipo. Kwa hilo watu watatu wananidai shukrani.

Jumatatu nilipita kuwaambia wabeja, asante ya Kisukuma. Betri alishikilia kwamba hata pumba zingefaa. Mfukoni mwa Katibu ilining'inia ile kofia ya bluu, na usingejua kwamba chini yake hamna kitu. Nikampa kalamu mpya niliyomwombea stoo ya shule.

Aliijaribu kiganjani. Ikaandika. Akaivisha kofia yake ya zamani, akairudisha mfukoni, kisha akajigeuza pale benchini kuelekea barabarani, akakaa kumngoja wa kuazima.