Hakuua Injini: Wasifu wa Shangazi Yetu, Fundi Sikio

Marehemu shangazi yetu, ambaye gereji nzima ilimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Tangu mdogo alitambua magari ya mtaa kwa mlio. Katikati ya chakula alikuwa akiinua kichwa na kutangaza ni jirani gani anakuja, na ni kitu gani kimelegea kwenye gari lake. Majirani hawakufurahi.

Alimaliza sekondari mwaka 1989, akajiunga na chuo cha ufundi. Mwalimu wa magari alimpeleka darasa la uhazili. Akaenda, akachungulia, akarudi. Alifukuzwa na kurudi hadi mwalimu ndiye aliyechoka. Alihitimu stashahada mwaka 1993. Stashahada nzima, si nusu kama ya wengine wa ukoo huu.

Mwaka 1998 alifunga ndoa na fundi umeme wa gereji ya jirani. Siku bwana huyo alipomtoa matembezi kwa gari la kuazima, shangazi aliweka kiganja juu ya mkono wake uliokuwa kwenye gia. Mwenzetu akadhani ameshapendwa. Kumbe alikuwa anaambiwa, "Badilisha, baba, inaumia." Walijaliwa mabinti wawili.

Kwa miaka mingi alihudumia magari ya spoti yenye turbo, na kila lililotengenezwa alilijaribu yeye. Hakuwa mtu wa kasi, hata kama msiba mzima tumeimbiwa hivyo. Alikuwa mtu wa gia. Hakungoja mshale wa mizunguko ya injini ufike kwenye nyekundu. Alibadilisha pale nguvu inapoanza kuchoka, ili gia inayofuata ipokee turbo ikiwa bado inasukuma. Na kamwe hakukandamiza mafuta injini ikiwa inajikokota.

Sasa lile gari jekundu. Mwaka 2017 injini yake ilipasuka mlimani, mteja mwenyewe akiwa kwenye usukani. Akaja kulalamika kwamba fundi alilikimbiza kwenye majaribio, na kwamba yeye mteja alilibembeleza tu. Kubembeleza kwenyewe: gia ya sita, mlima, mguu umezama kwenye mafuta, injini inazunguka kivivu huku turbo inashindilia hewa. Ni sawa na kumtwisha mtu magunia apande ngazi huku umemshika miguu. Shangazi alikuwa amemwonya ashushe gia kwanza, ndipo akanyage. Injini ilipofunguliwa, valvu zilikuwa nzima. Ingezungushwa kupita kiasi, zingegongana na pistoni. Kilichopinda ni mikono ya pistoni, mmoja ukatoboa bloku, lile bunda la chuma la injini. Huo ni mzigo, si mbio. Mwenye gereji aliona kwa macho yake, akajua, na bado akamwachisha kazi fundi ili asimuudhi mteja. Tunamshukuru kwa kuhudhuria leo. Kiti amepewa, maji amepewa, na hili nalo alipokee.

Neno hilo, kwamba aliua injini kwa mbio, lilimtangulia shangazi kila alikoomba kazi. Akaishia kutengeneza pampu za maji nyuma ya nyumba.

Januari 2024 alikutwa na saratani ya kongosho. Hata wodini alisikiliza feni ya dari na kumwarifu muuguzi kwamba beringi inakwisha. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Jana mtu mzima, tena ameshiba chakula cha msiba, alisema mwendo ndio uliommaliza. Kongosho halina gia. Kamati ya mazishi nayo ilitaka hapa paandikwe "alipenda kasi". Nimekataa, kwa sababu siku zake za mwisho aliniita karibu akasema: "Mwanangu, mimi sijaua injini hata moja. Nikishazikwa sitaweza kujibu. Uwajibu wewe."

Ameacha mume, kaka wawili, dada mmoja, wapwa wasiohesabika, na mabinti wake. Mkubwa amesomea ufundi huohuo, na mwezi uliopita gereji moja ilimnyima nafasi ilipojua ni mtoto wa nani. Walioliamini neno lile karibu wote wako hapa, na mwenye gereji aliyelipa nguvu kwa kumwachisha kazi anaweza kusimama akalifuta kabla hatujatia udongo. Tutamsubiri.

Shangazi apumzike kwa amani. Jina lake lirudishwe kazini.