Fomu ya Nyokabi

Benchi letu liko mtaa wa Satellite, nje ya kibanda cha Muthama fundi viatu, na kila Jumamosi asubuhi Taib hutua hapo na birika lake la kahawa chungu kabla hajashuka mjini. Wajuzi wa kila kitu hatukosekani. Jumamosi moja ya mwaka 2003, Karanja alikuja na fomu ya chuo kikuu ya bintiye Nyokabi, imekunjwa mfukoni. Msichana alikuwa amepata A ya hesabu, akachagua Actuarial Science. Mwisho wa kubadilisha kozi ulikuwa saa sita mchana siku hiyo, shuleni kwao, na Karanja alitaka kubadilisha. Nilimwonea huruma yule mtoto.

— Hiyo kozi ni ya nini haswa? Muthama akauliza.

— Ni ya kujua watu watakufa lini.

Huyo alikuwa Mbuthia, tunayemwita Bima kwa sababu aliwahi kuwa tarishi katika kampuni moja ya bima huko Upper Hill.

— Mimi ndio nilikuwa nawapelekea mafaili hao wa hesabu za bima, akaendelea. Wanakaa floor ya juu, hawaongei na mtu.

— Kwetu watu hawahesabiwi, Karanja akasema. Hata watoto wako hutakiwi kuwahesabu. Unaita mkosi.

— Na wakishahesabu, inakuwa, Bima akasema. Mmoja aliangalia messenger mwenzangu, akaandika kitu. Wiki mbili, jamaa akaenda.

— Alikuwa mgonjwa? Taib akauliza.

— Alikuwa na TB. Lakini bado.

— Ndio wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, Muthama akasema, na hakuna aliyejua hiyo inaingilia wapi.

— Mwandikie ualimu, Bima akamshauri Karanja. Mwalimu anahesabu chaki tu.

Karanja alikuwa ameshatoa kalamu Nyokabi alipofika, viatu vimejaa vumbi kwa kutembea mbio. Alitusalimia kwa heshima, lakini hakuketi.

— Baba, saa imeenda. Naomba fomu yangu.

— Sitaki uhesabu watu, Nyokabi.

— Sawa, baba. Kwenu mlizaliwa wangapi?

Karanja alishusha kalamu.

— Kuna mimi, akasema polepole. Kuna Wahu. Kuna Mungai. Halafu kuna wale wa kile kijiji tulifungiwa na wakoloni wakati wa Emergency.

— Hao walikuwa wangapi?

— Mama hakuwahi kusema. Alikuwa anataja jina moja moja, siku zingine, akiwa peke yake jikoni.

— Na waliuawa na nini?

— Njaa. Ama homa. Sijui, mwanangu. Hakuna mtu aliandika.

— Hiyo ndio nataka kusoma, baba.

Nilitamani kumshika Karanja mkono, nikaona haya.

Karanja alirudisha kalamu mfukoni. Aliikunjua ile fomu juu ya goti, akailainisha kwa kiganja, akampa bintiye bila kuandika kitu.

— Kuna Kui, mdogo wetu, akasema. Alikuwa hajaanza kutembea. Anza na huyo.