Dkt. Nyanzala Ndaki na Vioo Vyake Juu ya Paa la Ilembo

Wasifu huu nausoma mimi Sylvanus, kaka yake. Sauti ikikatika, nyie nivumilieni.

Dkt. Nyanzala Ndaki alizaliwa Mwamkulu tarehe 14 Machi 1987, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ndaki na Mama Monika, waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Meatu. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mwamkulu, sekondari Mpanda mjini, kisha kemia Dar es Salaam hadi akapata udaktari mwaka 2019. Kuchunga hakujua, tuseme kweli. Akili ilikuwa kitabuni, ng'ombe wakiingia shamba la watu viboko nakula mimi.

Mwaka 2014 alifunga ndoa na Bwana Apolinari, mwana wa Mpimbwe, wakajaliwa binti, Agape. Walihamia hapa Ilembo mwaka 2020, akawa anafundisha chuoni huku akiendelea na utafiti wake wa perovskaiti. Ni kemikali inayopakwa kwenye kioo, utando mweusi mwembamba, nayo hugeuza jua kuwa umeme. Shida ni kwamba jua hilohilo na joto lake huiharibu. Ikigeuka njano, imekufa. Yeye alitaka ipatikane itakayohimili jua la Mpanda, kwa hiyo akaviweka vioo vyake juu ya paa hili.

Vya kwanza vilikaa miezi mitatu bila kubadilika. Alivipima asubuhi na jioni, akawatangazia wenzake kwa furaha. Siku moja akarudi mchana, akamkuta mama mkwe wake, Mama Katarina, yuko kwenye ngazi anavifunika kwa khanga. Kumbe ndiyo kazi yake kila adhuhuri! Kwao mpunga ukiachwa kwenye jua kali hukatika mashineni, kwa hiyo hufunikwa. Akaona mkwe wake kasahau vitu juani. Utafiti wote ukawa bure. Mama alilia, akidhani atarudishwa kijijini. Nyanzala alimshika mkono, akamwambia, "Mama, hivi nataka nivione vikifa. Nisipojua vinakufaje, nitavitibuje?" Wakaanza upya wote wawili.

Saratani ya matiti iligundulika Februari 2024. Juni hiyo alipandisha vioo vipya, alivyovikinga vizuri zaidi. Alisema vikivuka viangazi viwili vikiwa vyeusi, ataamini amefaulu. Cha kwanza vilivuka, akashangilia akiwa kitandani. Cha pili hakukimaliza. Alifariki tarehe 3 Septemba 2025 mikononi mwa mumewe. Inauma, jamani, inauma sana.

Ameacha mume, binti, mama yetu Monika, Mama Katarina na mimi kaka yake.

Waombolezaji, tunawaomba radhi kwa jua hili. Turubai lingefungwa kwenye paa kama kawaida, lingevitia vioo kivuli. Mama Katarina amekataa katakata. Amesema kiangazi hakijaisha na vioo bado ni vyeusi.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani. Vikivuka, tutakuja kukwambia.