Fundi Mwanga na Gati Moja Lililobaki

Mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, yule fundi cherehani mwenye mdomo. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, eti, mimi silii ovyo. Haya, tutaona.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, chumba cha uani, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Alikuwa kifungua mimba wa watoto watano wa baba seremala na mama mkunga. Mama alisema alilia siku tatu mfululizo, akanyamaza, na tangu hapo akawa mtu wa maneno machache. Yaliyobaki nikapewa mimi.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha miaka miwili chuo cha ufundi. Alirudi na cheti na msumeno wa mkono, mpini umefungwa kitambaa chekundu. Cheti kiliwahi kupotea. Msumeno haukupotea hata siku moja.

Kuanzia mwaka 1981 aliwajengea wenye nyumba za kando ya ziwa magati yao madogo, ya kushukia na kufungia boti. Alijenga arobaini na moja. Mbao zilibanana hata sindano haipiti, nguzo zimelowekwa dawa kali ya wadudu, na uzio unateremka hadi majini ili asipite mtu. Alisifiwa sana. Mwaka 2006 aliingia chini ya gati moja kurekebisha nguzo, akakuta tope jeusi tupu. Hatua mbili pembeni, penye jua, majani ya majini yamejaa na vifaranga vya samaki vinacheza. Chini ya mbao zake hapakuwa na kitu. Alitoka, akaketi chini nguo zinachuruzika, akamwambia mkewe aliyekuwa amemletea chakula, “Mama watoto, hapa nimeua. Na watu wakanipigia makofi.”

Mke huyo, mwalimu, alimwoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Ndiye aliyevumilia yaliyofuata. Kaka alianza kurudi nyumba kwa nyumba, anaomba akosoe kazi yake mwenyewe. Aliachanisha mbao kwa upana wa kidole gumba ili jua lipenye, akaliinua gati juu zaidi ya maji, akang'oa nguzo zenye dawa. Aliondoa uzio na kuweka ngazi pande zote mbili ili mpita njia avuke. Penye majirani wanaoelewana aliwashawishi watumie gati moja nyumba nne. Akimaliza, alijilaza majini chini ya gati na gazeti mkononi. Akiweza kusoma zile tanzia za maandishi madogo, kazi imepita. Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Mwanga. Kuna bwana mmoja alimfungulia mbwa. Kaka alitimua mbio mtaa mzima, na gazeti halikuloa!

Karatasi mliyoshika inasema magati yote arobaini na moja yalirekebishwa. Mimi ndiye niliyempa mchapaji maneno hayo. Futeni. Ni arobaini.

Lililobaki ni langu. Alinijengea mwaka 1994, zawadi ya harusi yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema abane mbao, visigino vya viatu vya bibi harusi visizame. Mume wangu alipofariki, gati likawa ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha siku ile. Kila mwaka kaka alikuja na msumeno wake.

“Mdogo wangu, wenzako wote wamekubali.”

“Wenzangu hawakupewa siku ya harusi. Zawadi haikatwi, kaka. Kata mguu wangu kwanza.”

Alicheka, akanywa chai, akaondoka. Nami nilirudi kwenye cherehani yangu dirishani, ninakowaona kina mama na ndoo kichwani wakifika kwenye uzio wangu, wakigeuka, wakizungukia barabara kuu penye malori. Niliwaona miaka yote. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kumsumbua, na Juni mwaka huu wa 2023 alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Alhamisi tarehe 17 Agosti, mchana, aliniuliza, “Lile gati vipi?”

Nilimwambia, “Nimeshalikata, kaka. Mwanga unapita.”

“Umelala chini yake na gazeti?”

“Nimelala.”

“Liliandika nini?”

Nikasema, “Habari njema.” Alitabasamu, akafumba macho. Alifariki kesho yake asubuhi, akiwa ameridhika na uongo wangu.

Leo wabebaji walimtoa kwake kwa njia ya ufukweni, alikopita kila siku. Walipofika kwenye uzio wangu walisimama. Waligeuka na jeneza, wakamzungusha barabara kuu, pale pale wanapopita kina mama na ndoo. Nilikuwa nyuma yao. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wanne nikiwemo mimi, na magati arobaini yanayopitisha jua.

Mafundi wenzake, tukishamfukia msiende makwenu. Pitieni kwangu. Msumeno wake ninao hapa kwenye mkoba, na ubao wa kwanza nitaukata mwenyewe. Mkimaliza nitaingia majini na nguo zangu hizi za msiba, nilale chini ya gati na karatasi hii hii. Nikiweza kulisoma jina lako, kaka, hapo ndipo upumzike kwa amani.