Zakaria Fondo Ngala na Jiwe la Mama Kitsao

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 19 Septemba 1947, ni Zakaria Fondo Ngala. Alizaliwa Rabai tarehe 3 Machi 1888, mtoto wa kwanza wa mzee Ngala na mkewe. Tarehe hiyo haikupatikana bure. Charo, mdogo wake marehemu, alishikilia kuwa ni mwaka 1890. Mejumaa, binti yake, akasema babake alimwambia 1887. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwisho tukachukua ile aliyokuwa akiitaja zaidi marehemu mwenyewe, maana ndiye aliyezaliwa.

Alisoma shule ya misheni huko huko Rabai, kuanzia 1896 hadi 1903. Kusoma alijua na hesabu alijua, ila walimu walimlalamikia kwa jambo moja: mifuko yake ilijaa mawe. Akiona kijiwe kinang'aa njiani, lazima akiokote, na mfuko ukitoboka mama yake huushona kwa uzi wa gunia. Akiulizwa mawe hayo ni ya nini, huinama akaokota jingine. Hata alipokuwa mtu mzima ilikuwa vivyo hivyo, nasi tuliacha kumuuliza.

Mwaka 1905 alivuka kuja Mombasa kutafuta kazi, akaajiriwa kuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya mizigo ya meli. Alidumu hapo miaka arubaini. Kazi yake ilikuwa kufunga vifurushi vya thamani na kuvipiga muhuri wa lakiri nyekundu, ile inayoyeyushwa kwa moto ikiganda haifunguki mpaka uivunje. Alipostaafu Desemba 1945 wenzake walimuuliza anataka zawadi gani ya kuagia. Akaomba vipande vya lakiri vilivyobaki kwenye sanduku. Walicheka sana, wakampa, naye akarudi nyumbani na sanduku lake kwapani amefurahi kama aliyepewa ng'ombe.

Tarehe 12 Julai 1913 alifunga ndoa kanisani na Mbodze, binti wa jirani zao wa Rabai. Mungu aliwajalia watoto wawili: Kitsao, ambaye yuko kwenye reli kule Voi, na Mejumaa, aliyeolewa hapa kisiwani. Marehemu na mkewe walipanga vyumba viwili katika nyumba ya mawe ya Bwana Jusab Kasam, Kibokoni, na hapo wakazeeka pamoja. Mbodze si mtu wa maneno mengi, lakini akisema, umeambiwa.

Sasa tuje kwenye mawe, kwa sababu hakuna aliyemjua Fondo asiyejua mawe yake. Bwana Jusab ni muuza vitambaa, na kuchonga vito ni kitu cha kujiburudisha tu alichofunzwa na ami yake. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza na biashara imelala, alimfundisha mpangaji wake. Jiwe hugandishwa kwenye ncha ya kijiti kwa gundi nyeusi. Mtu mmoja huzungusha gurudumu kwa mkono, sahani ya shaba ikazunguka, na wa pili hulishika jiwe juu ya sahani iliyopakwa unga mkali, akalisugua uso baada ya uso mpaka mwanga uingie na kurudi. Huchongwa upande wa juu kwanza. Kisha jiwe huvuliwa, likageuzwa, likagandishwa tena ili lichongwe upande wa chini. Ni kazi ya subira. Mwenye haraka hulipasua.

Jiwe lake la kwanza aliliokota mwenyewe ufuoni Kibarani, la kijani, zuri ajabu. Alilihangaikia mwezi mzima, akampa mkewe kwa fahari kubwa. Bwana Jusab alipolitazama alikohoa kidogo, akasema lile lilikuwa chupa ya soda. Fondo alicheka mpaka akakaa chini. Mbodze hakucheka, ila hakulitupa, na mumewe akamwahidi kuwa iko siku atampa jiwe la kweli.

Baada ya hapo yakaja mawe mekundu, aliyokuwa akiletewa na Kitsao kutoka upande wa Voi. Kila siku ya Mungu, jua la alasiri likiingia dirishani, Fondo huita, "Mama Kitsao, gurudumu." Naye Mbodze huacha alilokuwa akifanya, akaja akakaa, akazungusha. Hivyo ndivyo walivyozungumza mambo yao yote, ya watoto, ya kanisa, na ya watu wa mtaani pia, tusifichane. Mawe yakikamilika Fondo aliyagawa. Kinyozi analo moja, mkunga aliyemzalisha Mejumaa analo, na wengine mko hapa mmevaa. Mbodze alipoulizwa mbona yeye hana, alijibu kuwa mekundu hayapendi, yanamkumbusha damu, na mumewe akitaka kumpa kitu ampe jiwe jeupe kama maji ya mtungini. Alisema kwa hasira. Kumbe mwenzake alisikia.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, mambo yakabadilika na sisi sote tukashindwa kuelewa. Marehemu aliacha kumwita mkewe. Jua likiingia dirishani hufunga mlango, akazungusha gurudumu mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kushika jiwe kwa wa kulia, kazi ambayo hata kijana mwenye nguvu ingemtoa jasho. Mbodze alikuwa akikaa upande wa pili wa mlango akisikia gurudumu linavyokwenda na kukwama. Alijiuliza amekosa nini. Alimwambia Mejumaa kuwa pengine mumewe amemchoka, na kwamba kuchokwa baada ya miaka thelathini na minne ni jambo ambalo mtu hajui alishike wapi.

Mwezi wa Julai miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na pumzi ikawa ya shida. Alilazwa hospitalini tarehe 2 Septemba, madaktari wakasema ni moyo. Alifariki Jumatano tarehe 17, saa moja asubuhi, Charo akiwa kando yake kwa kuwa Mbodze alikuwa amekwenda kwa Mejumaa kumpikia uji. Maneno yake ya mwisho aliyapokea Charo, naye ameyarudia mara nyingi bila kuongeza wala kupunguza: "Jiwe jeupe ni la Mama Kitsao. Liko mezani."

Tulikwenda mezani. Hapakuwa na jiwe jeupe. Palikuwa na gurudumu, unga wa kusugulia, na kijiti kimoja chenye jiwe jekundu kwenye ncha, jekundu kuliko yote aliyowahi kuchonga. Tulipekua vyumba vyote viwili, tukakung'uta magodoro, tukamwaga hata mchele kwenye sinia. Wengine walisema maskini maradhi yalikuwa yamempanda kichwani. Wengine walimtazama Charo, kwa sababu ndiye aliyetangulia kufika nyumbani na ufunguo. Mbodze hakumtuhumu shemeji yake kwa mdomo. Lakini chai aliyomtengea siku ile haikuwa na sukari, na Charo aliinywa hivyo hivyo.

Mbodze mwenyewe alikuwa na mawazo mabaya zaidi, na ametupa ruhusa tuyaseme hapa. Alifikiri jiwe jeupe lilikuwepo kweli, likapewa mwanamke mwingine, na kwamba mlango ule ulikuwa ukifungwa kwa ajili hiyo. Alisema atamzika mumewe, atamlilia kama inavyopasa, lakini hatajua analia nini. Akaagiza kile kijiti na jiwe lake jekundu viwekwe ndani ya jeneza, visibaki nyumbani vikimtazama.

Jana alasiri akafika Bwana Jusab. Alikuwa Malindi kwa nduguze tangu Juni, na habari za msiba zilimkuta huko. Baada ya kutoa pole aliona kijiti juu ya jeneza kikingoja kutiwa ndani, akauliza kwa nini. Akaelezwa yote, ya jiwe jeupe lisiloonekana na ya jekundu linalokwenda kuzikwa. Akakichukua, akakipeleka dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama Kitsao," akasema, "nani amekwambia hili ni jekundu?"

Akaomba jiko la makaa. Alikipasha kijiti kwa mbali, akikigeuza taratibu, kwani jiwe likipata moto wa ghafla hupasuka. Sote tulisimama tukitazama bila kujua tunatazama nini. Lakiri ikalainika, ikatoa ile harufu ya ghalani tuliyomzoea nayo marehemu. Bwana Jusab akalivuta jiwe kwa kitambaa, akalifuta, akaliweka katika kiganja cha Mbodze. Lilikuwa jeupe kama maji ya mtungini.

Alitueleza kuwa yeye ndiye aliyempa Fondo kipande hicho kabla ya Pasaka, na Fondo akamwapisha asiseme. Ile gundi nyeusi, alisema, bila shaka ilimwishia akiwa peke yake, akatumia lakiri za zawadi yake. Jiwe lisilo na rangi likikaa juu ya kitu chekundu hunywa wekundu wote, na mtu aliyezoea mawe ya Voi hawezi kushuku. Mlango ulifungwa kwa sababu mwenye jiwe ndiye aliyekuwa mzungusha gurudumu. Marehemu hakutaka alione kabla halijakamilika.

Mbodze alikaa chini sakafuni. Alilia hapo, na safari hii alijua analia nini. Alipotulia alimwita Charo, akamshika mkono mbele yetu sote, na asubuhi ya leo chai ya Charo ilikuwa na sukari mpaka ikamshinda.

Bwana Jusab alimwonyesha kuwa upande wa juu umekamilika, kila uso umekaa mahali pake, lakini upande wa chini, uliokuwa umezama ndani ya lakiri, bado ni jiwe la porini. Akasema kwa adabu kuwa anaweza kulimaliza, kama ataruhusiwa.

Mbodze aliligeuza jiwe mara kadhaa, upande uliochongwa na upande ambao haujaguswa. "Limalize, Bwana Jusab," akasema. "Lakini gurudumu nitazungusha mimi."

Marehemu ameacha mjane, Mbodze, watoto wawili, Kitsao na Mejumaa, wajukuu watano, mdogo wake Charo, ambaye hakuchukua kitu, rafiki yake Bwana Jusab Kasam na watu wa nyumba yake, na wengi wenu mliovaa kazi ya mikono yake.

Fondo, Mama Kitsao amelipata. Pumzika sasa, baba, kwa amani ya Bwana.